Mita 17

Jumatatu, saa 1:10 asubuhi. Barabara kavu, jua liko mgongoni, mwendo kilomita 50 kwa saa kama kibao kinavyotaka. Mbele kuna kivuko cha pundamilia ambacho nimekipita mara nyingi mno, hata macho yangu yameacha kukihesabu.

Mtoto alikuwa ameshaingia barabarani. Mvulana wa miaka 8 au 9, begi mgongoni, na mikononi boksi la viatu lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Kichwa alikiinamisha. Alikuwa anaongea na kilichomo ndani ya boksi.

Nikakanyaga breki.

Kwa nusu sekunde hivi pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari likawa linakwenda tu kana kwamba halijaambiwa kitu. Kisha breki zikashika, mkanda ukanibana kifua, gari likasimama. Pua yake ilikuwa juu ya mstari mweupe wa kwanza.

Mtoto hakuinua kichwa. Alimaliza kuvuka, akapanda ukingo, akasogeza kifuniko kidogo kuchungulia, akaenda zake.

Hakuna aliyeumia wala aliyepiga kelele. Nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kuwa kuna jambo limetokea pale. Nilibaki nimeshika usukani kwa mikono miwili, na kilichonijia kichwani kwanza, naomba nikiseme kama kilivyo, kilikuwa hiki: jana nilikuwa nafunga breki vizuri sana.

Jana yake nilikuwa saketi, kwenye uwanja wa mbio za magari.

## Gari moja, kazi mbili

Wanaonisoma siku nyingi wanalijua gari langu. Milango miwili, silinda 6, nguvu farasi 420, gia za mkono. Ndilo gari pekee nililonalo. Jumatatu hadi Ijumaa linanipeleka kazini, Jumamosi linabeba mahitaji ya nyumbani, na mara 5 au 6 kwa mwaka naliingiza kwenye uwanja wa mbio, navaa helmeti, na kulikamua mpaka rangi ya diski za breki inabadilika.

Nimekuwa nikilitetea jambo hili kwa miaka 4. Kwa marafiki, kwa ndugu, hata kwa fundi wangu. Nilikuwa nasema kwamba gari lililoundwa kwenda kasi halina maana likikaa gereji chini ya turubai likisubiri Jumapili moja. Gari ni la kutumika. Na bado naamini hivyo. Sitaki mtu afike mwisho wa makala hii akidhani nimegeuka.

Lakini tangu asubuhi ile kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza, na ilinichukua wiki 11 kukifikia kilipo.

## Nilianza na pedi

Kulaumu pedi za breki, vile vipande vinavyobana diski, kulikuwa rahisi, na haikuwa uongo.

Pedi zilizokuwa kwenye gari asubuhi ile zilikuwa za mbio. Nilizifunga mwaka juzi, baada ya kisa kingine kilichonitoa jasho: saketi, mwisho wa ule mnyoofu mrefu, mzunguko wa 6 mfululizo, nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi karibu na zulia. Nilipiga pedali haraka mara mbili, tatu, ikapata nguvu kidogo, nikaingia kona nikiwa nimechelewa na kutokea upande wa pili kwenye changarawe. Gari halikugusa kitu. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka.

Hesabu yake inafaa kufanywa na kila mtu anayepeleka gari la barabarani saketi, maana ikishaeleweka hauwezi kuitoa akilini. Chukua gari la kilo 1,500 linalopunguzwa kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80. Nishati inayogeuka kuwa joto kwenye zile diski 4 inatosha kuchemsha karibu lita 6 za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 20. Kwa sekunde 4 hivi. Kisha inakuja kona nyingine, na nyingine, na dakika mbili baadaye unarudi mahali pale pale kuanza upya. Linganisha na kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa mjini: joto lake halifiki hata la kuchemsha nusu lita. Tofauti ni zaidi ya mara 10 kwa kila kukanyaga, na mjini breki zinapata muda wa kupoa.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, taratibu, mwezi baada ya mwezi, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yangu yalikuwa na zaidi ya miaka miwili. Kwa kwenda kazini hilo lisingejulikana kamwe. Saketi ilinionyesha ndani ya mizunguko 6, kwa sababu mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, unabonyeza hewa, na magurudumu yanaendelea na safari yao.

Basi nikabadilisha kila kitu. Mafuta yenye kuvumilia joto zaidi, mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma, na pedi za mbio.

Pedi za mbio zinapenda joto. Zikishapashwa zinashika kama mkono wa mtu anayekuokoa kwenye maji. Zikiwa baridi zinalia, zinakwaruza diski, na kwa mguso wa kwanza hazina habari na wewe. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimezoea kila asubuhi kukanyaga breki mara mbili tatu nikitoka nyumbani, kuziamsha. Asubuhi ya yule mtoto sikumbuki kama nilifanya hivyo.

Kwa hiyo Jumanne yake nilitoa pedi za mbio, nikarudisha za kawaida. Nikaridhika. Nikasema shauri limekwisha.

Kwa siku kama 9 niliamini hivyo.

## Kinachoumia bila kelele

Nipitie haraka hapa, kwa sababu wengi mnayajua haya kuliko mimi.

Gari linalofanya kazi mbili linaumia pande zote mbili. Ukipiga alaimenti ya saketi, matairi ya mbele yakalalia ndani ili kwenye kona kali tairi ikanyage kwa upana wake wote, kwenye barabara iliyonyooka utakuwa unakula ukingo wa ndani peke yake. Kwa nje tairi inaonekana nzima, kwa ndani nyuzi zimeshatokeza. Ukifunga matairi yenye mifereji michache, lami kavu unaimiliki, na mvua ikinyesha unaelea juu ya maji kwa mwendo ambao gari dogo la jirani linapita salama. Ukikaza springi na shokapu, kila tuta unalisikia kwenye uti wa mgongo.

Na lile linalosahaulika: safari fupi za kila siku zinadhuru injini ya namna hii. Dakika 10 za kwenda kazini zinapasha maji ya rejeta, haziipashi oili sawasawa. Oili isiyopata moto haichomi unyevu na petroli inayojipenyeza ndani yake. Watu wanaogopa saketi kwa sababu ya kelele na moshi, lakini injini iliyopashwa taratibu, ikakimbizwa, ikapozwa taratibu, mara nyingi ina afya kuliko ile iliyowashwa na kuzimwa mara 4 kwa siku kwenye foleni.

Bima naitaja kwa sentensi moja tu: soma mkataba wako, maana mingi inakutoa mkononi pale tu unapovuka lango la saketi.

Yote haya nilikuwa nimeyapima na kuyakubali. Yalikuwa gharama ninazozijua. Ningeweza kuandika makala nzima juu yake na kuiita majibu, na kwa kweli rasimu ya kwanza ya makala hii ilikuwa hivyo hasa.

Niliifuta.

## Kisanduku

Saketi huwa natumia kisanduku kidogo cha kurekodi, kinachonasa kwenye kioo cha mbele kwa kikombe cha mpira. Kinasoma setilaiti na kuandika gari liko wapi, mwendo wake, nguvu ya breki na ya kona, mara nyingi kwa kila sekunde. Jioni unakaa na kompyuta na kuona kwa michoro pale ulipopoteza muda.

Siku ya 9 au 10 baada ya asubuhi ile, nilikuwa natafuta mizunguko ya Jumapili ile. Nikaona faili ni refu kuliko siku niliyoifanya. Sikuwa nimekizima. Kilikuwa kimerekodi safari ya kurudi nyumbani, kikalala, na Jumatatu asubuhi nilipowasha gari kikaamka nalo.

Niliiona ile breki. Mchoro wake unaanza kwa ulegevu, kama mtu anayesitasita, kisha unashuka wima. Ule ulegevu wa mwanzo ni pedi baridi, na nilipouona nilifurahi, nikajiona nina ushahidi. Halafu nikasogeza kishale hadi mahali mguu ulipoanza kukanyaga, nikapima umbali hadi kwenye kivuko.

Mita 17.

Sikujua kama ni nyingi au ni chache, kwa sababu hakuna mtu anayejua huwa anaanza kufunga breki mita ngapi kabla ya kivuko. Basi nikakirudisha kisanduku kwenye kioo, nikakiacha kinirekodi wiki mbili nzima nikienda kazini kama kawaida. Nilijitahidi kusahau kwamba kipo. Baada ya siku 3 nilikisahau kweli.

Siku ambazo mtu alikuwa anavuka pale, nilikuwa naachia mafuta mita 60 kabla, na mguu unagusa breki kwenye mita 40 hivi. Mara moja mita 37, mara moja 44.

Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Tofauti ya 40 na 17 ni zaidi kidogo ya sekunde moja na nusu. Pedi baridi zilinigharimu nusu sekunde tu, tena baada ya mguu kukanyaga. Hiyo sekunde moja na nusu ya kabla haikuwa ya pedi.

Ilikuwa ya kwangu.

Na si kwamba sikumwona yule mtoto. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilimwona. Nakumbuka matundu ya kifuniko cha boksi. Nilimwona mapema kabisa, na mahali fulani ndani yangu, bila neno, kitu kikapima umbali na kusema: bado.

## "Bado"

Kila anayejifunza saketi anajifunza neno hilo. Mkufunzi anakaa kiti cha pembeni, na unapotaka kukanyaga breki kwa hofu anasema bado. Bado. Bado. Sasa! Unagundua kwamba gari lilikuwa na uwezo wa mita 30 zaidi ya ulivyodhani, na furaha ya kugundua hivyo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuionja. Unafanya hivyo mara 60, mara 80 kwa siku moja. Jicho lako la umbali linafundwa upya. Mita 100 zinaanza kuonekana nyingi.

Kisha saa 11 jioni unavua helmeti, unafunga begi, unaingia barabarani na jicho lile lile.

Matairi nayabadilisha kwa dakika 40 nikiwa na jeki na spana. Pedi ni saa moja na nusu. Nina orodha iliyoandikwa kwa mkono, imepakwa grisi pembeni, ya mambo ya kufanya kabla ya kuondoka saketi: presha ya matairi irudi ya barabarani, nati zikazwe kwa spana ya kipimo, mzunguko wa mwisho polepole ili breki zipoe, breki ya mkono isivutwe diski zikiwa za moto. Miaka 4 naifuata orodha hiyo, sijaruka mstari.

Hakuna mstari hata mmoja unaohusu dereva.

## Waliolishughulikia gari

Nilirudi kwenye magari niliyoyapenda tangu zamani, nikiyatazama kwa swali hili.

Ferrari F40, mwaka 1987. Halina redio wala zulia, na mlango unaufungua kwa ndani kwa kuvuta kamba. Gari lile linakwambia waziwazi linataka nini. Ukikaa ndani yake huwezi kusahau umekalia nini, na siku hizi naona kuna heshima fulani katika ukali ule.

Miaka mitatu baadaye likaja Honda NSX, na hapo ndipo ndoto yangu ilipozaliwa. Bodi ya alumini, injini katikati, kioo kipana ambacho unaona kila upande, kiyoyozi kinachofanya kazi. Ayrton Senna, bingwa wa Formula One, aliliendesha kwenye majaribio kwenye saketi ya Suzuka, Japani, mwaka 1989 na kuwaambia wahandisi kuwa bodi inahitaji kukazwa zaidi, nao wakarudi kulikaza. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, amesimulia jinsi NSX lilivyobadilisha fikra zake kuhusu namna gari la kasi linavyoweza kuishi na mtu kila siku. NSX lilithibitisha kwamba gari linaloweza kukimbia saketi linaweza pia kukusubiri kwa utulivu kwenye taa nyekundu.

Porsche nayo imefika mbali na wazo hilo. 911 GT3 ya sasa, injini ya lita 4 inayozunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, unaweza kuichukua ikiwa na bawa kubwa nyuma au katika umbo la Touring lisilo na bawa, ambayo mtu asiyejua ataipita maegeshoni bila kugeuka. Ni moyo ule ule ndani ya nguo mbili.

Nilikuwa nikiona huo ndio ushindi. Gari linalobadilika kwa kubonyeza kitufe. Shokapu zinalegea, usukani unakuwa mwepesi, sauti inashuka, na dereva anaambiwa kimyakimya kwamba sasa yuko barabarani.

Sasa nina wasiwasi na huo utulivu. Kadiri gari linavyojua kubadilika vizuri, ndivyo linavyonificha kwamba mimi sijabadilika.

Kuna mahali ambapo barabara na saketi ni kitu kimoja: Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, kilomita 20.832 za kona msituni, iliyofunguliwa mwaka 1927. Siku za watalii mtu yeyote analipa na kuingia na gari lake. Wakati huo pale panahesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani zinatumika. Zamani nilidhani ni utaratibu wa makaratasi tu. Siku hizi naona kuna mtu aliyelielewa jambo: ukishawachanganya watu wa namna mbili kwenye lami moja, lazima useme wazi ni sheria ipi inayotawala.

## Alikuwa anajua

Nilimweleza mke wangu habari ya mita 17 usiku mmoja tukiwa jikoni. Nilimwonyesha mchoro kwenye kompyuta. Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Mimi najua siku zako za saketi bila kuambiwa."

Nikamwuliza anajuaje.

"Siku mbili baada yake nashika mpini wa mlango."

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliniambia, mwaka wa kwanza, na mimi nikamjibu kwamba niko chini ya mwendo unaoruhusiwa. Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu hivyo kweli, na nilikuwa na haki, kwa maana kipimo cha mwendo kilikuwa upande wangu.

"Sijawahi kusema unakwenda kasi, baba," akasema. "Nilisema unachelewa."

Mtu ameketi pembeni yangu miaka minne, hana kisanduku wala setilaiti, na mkono wake umekuwa ukipima kitu ambacho mimi nilihitaji michoro kukiona.

## Hoja ambayo sijaishinda

Kuna hoja ya upande wa pili na siwezi kuifukuza, kwa sababu nimeiishi.

Saketi imenifanya dereva bora. Imenifundisha kutazama mbali, si kwenye bampa la gari la mbele. Imenifundisha kukanyaga breki kwa nguvu zote pale inapobidi. Madereva wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja maishani, na siku ikiwalazimu wanakanyaga nusu kwa sababu hawajui mtetemo ule wa pedali ndiyo ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikifanya kazi yake. Mkia wa gari ukiteleza kwenye mvua, mikono yangu inajua pa kwenda kabla sijafikiri. Asubuhi ile yenyewe, huenda mguu wa saketi ndio uliolisimamisha gari ndani ya zile mita 17. Mguu ambao haujafundwa ungekanyaga kwa woga na kuzihitaji 22.

Lakini mguu ambao haujafundwa ungeanza kwenye mita 40.

Nimezungusha sentensi hizo mbili kichwani kwa wiki nyingi, na zote mbili ni kweli.

Rafiki mmoja tunayekwenda naye saketi alinipa jibu lake, jibu ambalo wengi huishia kwalo. Aliuza gari lake la nguvu, akanunua gari dogo jepesi la kukimbizia, akalivua viti vya nyuma, analipeleka saketi juu ya trela. Siku nyingine anaendesha gari la kawaida kabisa la familia. Anasema trela ndiyo dawa: kulipakia gari, kulifunga mikanda, na kurudi nyumbani kwa kilomita 80 kwa saa ukiwa na mzigo nyuma kunakutoa saketi taratibu. Ana hoja nzuri. Na gari jepesi linakula matairi na breki kidogo, na linafundisha zaidi, kwa sababu haliwezi kununua makosa yako kwa nguvu farasi.

Nilikaribia kumfuata. Nilipiga picha za gari langu siku moja jioni, pande zote, nikaandika tangazo.

Kisha asubuhi yake niliendesha kwenda kazini. Palikuwa na baridi kidogo. Gia ya pili, nikitoka kwenye mzunguko wa barabara, injini kwenye mizunguko 3,000 tu kwa dakika, sikuwa nakimbia hata kidogo, na usukani ukanisimulia lami yote kwa vidole: kiraka hapa, mchanga pale. Sikuhitaji nguvu farasi 420 kwa hilo. Nilihitaji gari lililotengenezwa na watu waliojali vidole vyangu vinasikia nini. Hiki ndicho ninachokipata kila siku, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na ndicho ambacho gari la Jumapili peke yake haliwezi kukupa.

Watu wananiambia mshika mbili moja humponyoka. Nimeitafakari methali hiyo kwa uzito. Kinachoponyoka kwangu si saketi wala barabara. Ni zile saa kati yake, ambazo nilikuwa sijawahi kuzipa jina.

Tangazo sikulitoa.

## Ninachofanya sasa

Pedi za kawaida zimebaki, hata saketi. Maana yake sipigi tena mizunguko 6 ya moto mfululizo. Napiga 3, napoza mmoja, natoka. Mafuta ya breki nabadilisha kila mwaka. Alaimenti imerudi karibu na ya kiwandani. Natumia sekunde kadhaa zaidi kwa kila mzunguko kuliko mwaka jana, na nilidhani itaniuma zaidi ya inavyoniuma.

Baada ya saketi gari linakaa siku mbili. Naenda kazini kwa basi, nimekaa dirishani, nikimtazama dereva mwingine akipima umbali. Siku ya 3 narudi kwenye usukani, na kisanduku kiko kwenye kioo.

Nimeshafanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza, siku ya 3, nilianza kufunga breki kwenye mita 33, kwa mtu aliyekuwa anavuka na mkongojo. Bado haijawa 40. Mara ya pili, 39. Ni vipimo viwili vya mtu mmoja kwenye kivuko kimoja na sivigeuzi kuwa sheria ya mtu yeyote. Orodha yangu yenye grisi sasa ina mstari mpya chini kabisa, nimeuandika kwa kalamu ya rangi tofauti: *macho — siku 2.*

Yule mtoto sijamwona tena. Huenda amebadilisha njia, huenda saa zetu hazikutani.

Juzi asubuhi nilifika pale, kwa mbali nikaona mtu kwenye ukingo, nikaachia mafuta, nikagusa breki, gari likasimama mbali na mstari wa kwanza. Alikuwa mama mwenye mwavuli, na hakuwa anavuka. Alikuwa amesimama tu akitafuta kitu kwenye mkoba. Aliinua macho, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba hapana.

Nilisubiri kidogo hata hivyo. Gari la nyuma likapiga honi.